Tuchague Kitandiko Chema cha Kuanikia Mahindi

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuchagua kitandiko cha kuanikia mahindi na karanga nje ya nyumba. Kitandiko ni sakafu ya muda. Asubuhi tunakitandaza, jioni tunakikunja na kukiweka ndani. Wengi wetu hatuna uwanja wa saruji. Tuna uwanja wa udongo wenye mashimo, mawe na visiki. Basi tufanyeje?

Kwa nini tusianike juu ya udongo?

Mtu mwingine atasema, "Aa, babu zetu walianika chini, mbona hawakufa?" Swali hilo ni zuri, tulijibu. Katika udongo huishi aina ya ukungu. Ukungu huo ukipata punje yenye unyevu, na joto likawepo, huota na kutoa sumu. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Wataalamu walianza kuitafuta mwaka 1960, bata mzinga wengi walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Kabla ya hapo haikujulikana. Mtu akifa, hakuna aliyeuliza alikula mahindi gani.

Siku hizi tunauliza. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki. Sumu hii hushambulia ini. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini. Tena, kupika hakuiondoi. Ugali utaiva, sumu itabaki.

Kwa hiyo tukisema kitandiko, tunasema afya ya watoto wetu.

Kwanza, tuutazame uwanja

Turubai zuri juu ya uwanja mbaya ni kazi bure. Penye shimo, mahindi hujikusanya yakawa mengi. Ya juu hukauka, ya chini hubaki mabichi. Mvua ikinyesha, maji hutuama papo hapo. Penye jiwe kali, turubai hutoboka, na unyevu wa ardhi hupita kwenye tundu.

Tufanye hivi:

1. Tuchague mahali penye jua kutwa, mbali na zizi na njia ya maji.
2. Tufyeke, tung'oe visiki, tuokote mawe, tufagie.
3. Tumwage ndoo ya maji. Yanaposimama, pana shimo. Tulifukie na kushindilia.
4. Tuuache uwanja uinamie upande mmoja kidogo tu, ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Upande wa juu tuchimbe mfereji mdogo.
5. Tusubiri ardhi ikauke kabla ya kutandika.

Pili, tuchague kitandiko

*Mkeka au jamvi.* Ni rahisi kupatikana, na wengi wetu tunajua kuusuka. Hufaa pale ardhi ilipo kavu kabisa. Ardhi ikiwa na unyevu, mkeka huunyonya na kuupeleka kwenye punje. Mchwa nao huupenda. Usilale chini usiku.

*Viroba vilivyoshonwa pamoja.* Hivi ni vya gharama ndogo. Tutumie viroba safi vya unga au sukari. Tusitumie kamwe mifuko iliyobeba dawa ya wadudu, mbolea, au mbegu zilizotiwa dawa. Tutakuwa tunakimbia sumu moja na kuikumbatia nyingine.

*Turubai.* Huzuia unyevu wa ardhi, na mvua ikija ghafla watu wawili hushika pembe nne wakafunika mahindi mara moja. Bei yake ni kubwa kuliko mkeka, lakini likitunzwa hudumu misimu kadhaa. Kabla ya kununua, tuliinue kuelekea jua. Tukiona vitundu vya mwanga, tuliache. Tuangalie pia kama pindo limekunjwa na kushonwa imara. Uwanja wenye changarawe, tutandike magunia makuukuu chini yake.

*Kichanja cha kubeba.* Hiki ni fremu ya fito au mianzi iliyowambwa matete au wavu, yenye miguu. Wakulima wa kahawa wanakijua sana. Ndicho kinachofaa pale uwanja usiposawazika, kwa mfano kwenye miteremko ya milimani. Tunaweka jiwe chini ya mguu mfupi, kinakaa sawa. Hewa hupita chini na juu, na kuku hawakanyagi. Kasoro yake ni kwamba hubeba mzigo mdogo. Ni kizuri kwa karanga na kwa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi.

Tufanye hesabu

Mahindi yaliyopukuchuliwa tuyatandaze kwa unene wa sentimita 3, yaani kama upana wa vidole viwili. Kwa unene huo, gunia moja la kilo 100 huhitaji karibu mita za mraba 5.

Turubai lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4.
5 × 4 = mita za mraba 20.
20 ÷ 5 = magunia 4.

Mwenye magunia 12 ataanika kwa zamu tatu. Kama bei ni kubwa, kaya tatu au nne zichange zinunue moja. Lakini jambo moja tukumbushane: mavuno hufika kwa wote wakati mmoja, na hapo ndipo ugomvi huanza. Tupange zamu kabla ya kuvuna, tuziandike kwenye daftari, kila mmoja atie sahihi. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa ajili ya mambo kama haya.

Kazi ya kila siku

Tugeuze mahindi mara kwa mara mchana. Jua likikaribia kutua, tuyafunike au tuyaingize ndani, maana umande huyarudisha nyuma. Punje zilizooza au zenye rangi ya ukungu tuzitoe. Tusiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu inawadhuru nao.

Kujua kama yamekauka, tuchukue chupa kavu. Tutie punje hadi theluthi moja, na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tutikise dakika tatu, tuache dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, bado. Isipoganda, tuanike siku nyingine moja au mbili zenye jua, kisha tuache yapoe ndipo tuyatie magunia. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu.

Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Huizuia isiingie. Ndiyo maana kazi hii huanza siku ya mavuno, haingoji mahindi yabadilike rangi.

Maswali ya kujadili

1. Uwanja wako una mashimo wapi? Utajuaje?
2. Kwa uwanja wako, kitandiko kipi kinafaa? Toa sababu mbili.
3. Mama Asha ana magunia 9 na turubai la mita 5 kwa mita 3. Ataanika kwa zamu ngapi?