Somo letu: Asidi ya udongo ni nini?



Katika mikutano ya koperative tunasikia ulizo moja: «Agronome, tumetia NPK, tumepalilia, lakini maharagi ingali ya manjano. Juu ya nini?» Wengine wanakopa tena pesa ili waongeze mbolea. Mbele ya kukopa, tujue kwanza neno hili: asidi.

Asidi munaijua tayari. Ndiyo inafanya ndimu na maziwa yaliyochacha kuwa makali. Kinyume chake ni besi, kama majivu na chokaa. Mtu wa kiungulia akinywa bikaboneti anapata nafuu, kwa sababu besi inapunguza nguvu ya asidi tumboni. Udongo pia ni vile.

Asidi inapimwa kwa namba za pH, toka 0 mpaka 14. Katikati ni 7. Ndimu iko karibu na 2. Namba ikishuka moja, asidi inaongezeka mara 10.

Udongo mwingi wa milima ya Kivu, kama kule Walungu, uko na asidi, kwani mvua za miaka mingi zimeosha kalisi yake. Chini ya pH 5,5, alumini ya udongo inayeyuka na kuumiza mizizi, tena fosforasi ya mbolea inafungwa. Iko mule udongoni, lakini mmea hauipati. Pesa yako imelala pale. Muhogo na chai vinavumilia, maharagi hapana.

Tufanye nini?

1. Tupime vipande viwili vya mita 10 kwa 10, jirani.

2. Katika kimoja, tutie kilo 20 za chokaa ya kilimo iliyosagwa, tuichanganye vizuri na udongo wiki 3 au 4 mbele ya kupanda. Kingine tukiache bila chokaa.

3. Tupande siku moja, mbegu ile ile, mbolea ile ile.

Angalisho: tusichanganye chokaa wala majivu na urea ao samadi mbichi, nitrojeni itapotea hewani. Na chokaa haichukui nafasi ya mbolea. Inaisaidia kufanya kazi.

Maharagi yakitoa maua, tung'oe mashina machache kila upande. Tulinganishe urefu wa mizizi, tuhesabu vifundo vyake, tuvilete kwenye mkutano. Hapo tutaamua pamoja kama inafaa koperative inunue chokaa kwanza, ao mbolea.