AKITOKA GEREZANI, ANAKWENDA KWA NANI?

Ijumaa moja, katika msikiti mmoja wa hapa Kariakoo, viatu vya muumini mmoja vilipotea baada ya sala. Si jambo geni. Kila anayesali mjini anajua kuwa viatu hupotea. Lakini siku ile watu hawakuuliza viatu vimekwenda wapi. Waligeuza shingo wakamtazama kijana aliyekuwa amekaa karibu na nguzo ya nyuma. Kijana yule alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke gerezani. Hakuna aliyemtuhumu kwa mdomo, macho yalitosha. Aliinuka, akatoka, na Ijumaa iliyofuata hakuonekana.

Alasiri ya siku ile ile mzee mmoja alivirudisha viatu. Vilifanana na vyake, akavivaa kwa kukosea. Watu wakacheka, mambo yakaisha. Kwa yule kijana hayakuisha. Baada ya miezi michache tulisikia amekamatwa tena, na safari hii kwa kosa la kweli. Wapo waliosema: "Si mnaona? Mwizi ni mwizi tu."

Ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kumtetea mwizi. Aliyeiba ameiba, na aliyeibiwa ana haki yake. Kusudio ni kujiuliza swali moja: katika zile wiki mbili, kabla viatu havijapotea, sisi tulikuwa wapi?

Lango linapofunguliwa

Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya watu walioko magerezani watatoka. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inaruhusu mfungwa mwenye nidhamu kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inawawezesha baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu kumalizia sehemu ya adhabu wakiwa nje, kwa masharti na chini ya usimamizi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 imefungua njia ya wenye makosa madogo kutumikia adhabu kwa kufanya kazi za umma huku wakilala majumbani mwao.

Zaidi ya hayo upo msamaha wa Rais, uliowekwa na Ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa Aprili 26 au Desemba 9. Desemba 9, 2017 msamaha uliwagusa wafungwa 8,157. Desemba 9, 2019 uliwagusa 5,533. Aprili 26, 2021 uliwagusa 5,001. Wengine walitoka mara moja, wengine walipunguziwa muda. Hao si watu wa nchi nyingine. Wana mama zao Buguruni, wake zao Tandika na madeni yao Kariakoo.

Siku msamaha unapotangazwa, tunashangilia na kusoma idadi magazetini. Kesho yake hatuna habari tena. Lakini kwa aliyetoka, kesho yake ndiyo mwanzo wa mtihani. Keko si mbali na Kariakoo, Segerea na Ukonga ni mwendo wa daladala. Anashuka kituoni akiwa na nguo alizovaa na mfuko wa plastiki. Chumba alichopanga kilishapangishwa kwa mwingine. Mke pengine alishadai talaka. Meza yake ya biashara ina mwenyewe mpya. Hata simu ni tatizo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, asiye na namba ya kitambulisho cha taifa hapati laini kwa jina lake, na asiye na laini hana pa kupokelea wala kutumia fedha. Katika hali hiyo, nani atakuwa wa kwanza kumwita kwa jina na kumpa sahani ya chakula? Mara nyingi ni wale wale aliokamatwa nao, au aliolala nao selo moja. Wao hawamwonei haya.

Fundi asiye na shoka

Tuseme ukweli, ndani ya magereza kuna kazi zinazofundishwa. Ukonga kuna useremala, na samani zake zinauzwa mjini. Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu. Ruanda, Mbeya, kuna chuo cha ufundi kwa ajili ya wafungwa. Mashamba ya magereza yapo mikoa mingi. Zanzibar wameenda mbali zaidi katika jina: gereza linaitwa Chuo cha Mafunzo. Na Umoja wa Mataifa, katika kanuni za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, umesisitiza kuwa maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo, na kwamba anapotoka awe na vitambulisho, nguo za kufaa, pa kukaa na njia ya kupata riziki.

Lakini aliyejifunza kuranda mbao kwa miaka minne, akatoka bila randa wala msumeno, ana tofauti gani na asiyejifunza? Hapa ndipo tunapohitaji kurudi kwenye mafundisho yetu.

Amepokea Abu Daud kisa cha mtu wa Kiansari aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume (s.a.w.) alimuuliza nyumbani ana nini. Alikuwa na kipande cha nguo na bakuli. Mtume (s.a.w.) akavinadi, vikauzwa kwa dirham mbili. Moja akaambiwa anunulie chakula cha nyumbani, ya pili anunue shoka. Kisha Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma kukata kuni na kuuza, na akamtaka asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirham kumi. Tazama utaratibu: chakula cha leo, chombo cha kazi, muda maalumu, kisha kurudi kutoa taarifa. Huo ni mpango kamili wa kumrejesha mtu katika maisha, na uligharimu dirham mbili.

Toba inahitaji mahali pa kwenda

Kisa kingine kinajulikana na wengi, kimo katika Bukhari na Muslim. Ni cha mtu aliyeua watu 99. Alipomuuliza mtawa mmoja kama ana toba, aliambiwa hana, naye akamuua akatimiza 100. Kisha akamuuliza mwanachuoni. Mwanachuoni yule alimwambia kuwa hakuna wa kumzuia na toba. Lakini hakuishia hapo. Alimtaka auhame mji wake, kwa sababu ulikuwa mji mbaya, aende mji fulani wenye watu wema wanaomuabudu Allah, akae nao.

Mara nyingi kisa hiki tunakisimulia kuonyesha ukubwa wa rehema ya Allah (s.w.), na ni kweli. Lakini kina somo jingine tunalolipita. Mtawa alimfungia mlango, akazidi kuua. Mwanachuoni alimpa matumaini, na pamoja na matumaini akampa mahali pa kwenda na watu wa kuishi nao. Sisi tunapomwambia aliyetoka gerezani "tubu tu ndugu yangu," kisha tukaondoka kila mtu na njia yake, tumempa nusu ya jawabu. Je, ule mji wa watu wema uko wapi kama si kwenye msikiti wetu na mtaa wetu?

Na katika Surat Yusuf tunasoma kuwa Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mwenzake aliyekuwa anatoka amkumbuke kwa bwana wake. Yule alipotoka akasahau, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Walio nje kuwasahau walio ndani ni ugonjwa wa zamani.

Kariakoo tunajua maana ya mali kauli

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Biashara ya hapa haiendeshwi na fedha taslimu peke yake. Kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Narung'ombe, kijana anachukua mzigo dukani asubuhi bila kutoa shilingi, anauza, jioni analeta fedha za watu. Tunaita mali kauli. Na mali kauli haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Lazima awepo mtu wa kusema: "Huyu namfahamu, nipo nyuma yake." Aliyetoka gerezani amekosa kitu hicho hasa. Ana mikono na nguvu, ila hana mtu wa kusema yupo nyuma yake. Basi yafuatayo yanawezekana.

Kwanza, maandalizi yaanze kabla hajatoka. Ndugu wamtembelee, na kamati ya msikiti imjue mtu wa mtaa wake aliyeko ndani: anatoka lini, amejifunza kazi gani, nyaraka zake ziko wapi. Miezi mitatu inatosha kumwandaa mke, wazazi na majirani.

Pili, siku ya kutoka asitoke peke yake. Wende watu wawili wakampokee langoni. Apate pa kulala na chakula kwa wiki za mwanzo, na mtu wa kumsindikiza serikali ya mtaa kufuatilia kitambulisho.

Tatu, apate shoka lake. Kama ni fundi, anunuliwe vifaa. Kama ni mtu wa biashara, aanze na mzigo mdogo chini ya mdhamini mmoja. Aliye fakiri au aliyezama katika deni ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, kwa hali yake hiyo. Kule Oman chama cha wanasheria kina mpango uitwao Fakk Kurbah, unaochangisha fedha na kuwalipia waliofungwa kwa madeni ili watoke. Wenzetu wameweza.

Nne, aliyedhulumiwa asisahauliwe. Toba ya haki za watu haikamiliki bila kurudisha au kuombana radhi. Wazee wamsindikize kwa aliyemkosea, wapatane namna ya kulipa, hata kama ni kidogo kidogo.

"Je, akituibia tena?"

Swali hili ni la haki. Hatusemi akabidhiwe ufunguo wa fremu siku ya kwanza. Uaminifu hujengwa kwa ngazi, na ndiyo maana ya mdhamini. Wengine watasema: vijana wengi wasio na kosa hawana kazi, kwa nini tumhangaikie mhalifu? Hao nao wana haki juu yetu, na msaada wa mmoja haufuti wa mwingine. Lakini tuhesabu kibiashara. Aliyerudia kosa huvunja duka la mtu, na huyo mtu huenda ni wewe. Kumwandaa ni nafuu kuliko kubadilisha makufuli kila mwaka.

Bukhari amepokea kuwa mlevi mmoja alipokwisha kuadhibiwa, kuna mtu alimwapiza, na Mtume (s.a.w.) akakataza, akaeleza kuwa kufanya hivyo ni kumsaidia shetani dhidi yake. Adhabu ilikuwa imekwisha. Kuendelea kumwadhibu kwa ulimi, au kwa macho, halikuwa jukumu la waliobaki.

Yule kijana wa nguzo ya nyuma sasa yuko ndani. Kifungo chake nacho kina mwisho, na siku moja atashuka tena kituoni Kariakoo na mfuko wake wa plastiki. Muda wa kujiandaa tunao. Tukiupoteza, atayakuta macho yale yale.