Dondoo muhimu: Ndoano katika maji ya Simiyu

Kabla ya kushika mshipi, pita kwa afisa uvuvi wa wilaya uulizie leseni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inamhusu hata anayevua kwa kujiburudisha, awe Lamadi ziwani au mtoni upande wa Bariadi.

Pima samaki kabla ya kumtia kapuni: sato chini ya sentimeta 25 na sangara chini ya sentimeta 50 warudi majini. Lowesha mikono kwanza, maana mikono mikavu humtoa ute unaomkinga na maradhi.

Mvua zikianza, waache ningu. Ndipo wanapopanda mito kutaga. Walikuwa tele Ziwa Victoria kabla ya nyavu kutegwa midomoni mwa mito karne iliyopita, na mwenye mayai ukimnasa leo, tafadhali mwachie.

Hatari ninayoiogopa zaidi inatoka shambani. Huu ni mkoa wa pamba. Usioshe bomba la kupulizia dawa mtoni wala kutupa chupa zake makorongoni; mvua ya kwanza itazisomba hadi Mto Simiyu, kisha Ghuba ya Speke. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo usilime hapo, acha matete na miti. Mizizi hushika udongo. Tope likizidi, mayai ya samaki hukosa hewa.

Vulia nchi kavu, kwani kichocho kipo. Ukiona dalili za mamba au viboko, hama mara moja.