SARAFU ISIYOJULIKANA MWENYEWE, NA HUKUMU YA KUMDHANIA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Zama hizi zimezuka sarafu zisizoshikika kwa mkono, zitengenezwazo kwa programu na kuuzwa kwa intaneti, na khabari zake hufika kwa simu hata Mkwaja na vijiji vingine vya pwani. Nyingi katika zile ndogo, watengenezaji wake hutumia majina ya kubuni, wala hapana ajuaye ni kina nani. Basi watu huwa makundi mawili. Kundi moja husema, "Hawa ni mabingwa wanaojificha kwa usalama wao," likatoa mali yake. Kundi la pili husema, "Mwenyewe ni fulani, naye ni mwizi," likavunja heshima ya mtu bila ya ushahidi. Makundi yote mawili yamejenga juu ya dhana, na njia ya haki iko baina yao.

MAS-ALA YA KWANZA: DESTURI YA SARAFU

Sarafu za kale za pwani hii zilibeba jina la mwenye kuzitoa. Masultani wa Kilwa waliandika majina yao juu ya sarafu zao za shaba. Pesa ya Unguja ya mwaka 1299 wa Hijra ilipigwa kwa jina la Sayyid Barghash. Watu wa Pangani walipigana na kampuni ya Kijerumani mwaka 1888 na 1889, wakiongozwa na Abushiri bin Salim; na pamoja na uadui huo, kampuni ile ilipotoa pesa yake mwaka 1890 iliandika juu yake, kwa herufi za Kiarabu, kuwa ni ya sharika ya Kijerumani. Mtu aweza kumchukia mwenye sarafu, lakini alijua amdai nani.

MAS-ALA YA PILI: JE, KUMJUA MUUZAJI NI SHARTI?

Imam Nawawi katika Minhaj ametaja masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwezekane kukabidhiwa, kiwe milki ya mwenye kuuza, na kijulikane. Wala hakusharutisha kujua jina la muuzaji wala nasaba yake. Kwa hiyo anunuaye samaki ufukweni kwa mtu mgeni, akamwona samaki, akatoa fedha na kupokea, biashara yake ni sahihi, kwani kila mmoja ameondoka na haki yake.

Lakini mtu huyo mgeni akisema, "Nipe fedha, nikuundie jahazi, na faida tutagawana," jambo limegeuka. Hapa mali imekuwa amana, na amana haina budi na mtu wa kuulizwa. Sarafu ndogo hizi ni za namna hii ya pili. Bei yake husimama juu ya ahadi ya watengenezaji kuwa wataitunza programu wala hawatatoroka na fedha. Mwaka 2021 ilitolewa sarafu iitwayo SQUID na watu wasiojulikana. Ilipanda kwa siku chache hata ikapita dola 2,800, na wanunuzi wakakuta hawawezi kuiuza. Tarehe 1 Novemba ikaanguka kwa dakika chache ikawa karibu na si kitu, na watengenezaji wakatoweka na zaidi ya dola milioni 3.

Akisema msemaji, "Na mtunzi wa Bitcoin pia hajulikani," huambiwa: Ni kweli. Aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa waraka wake tarehe 31 Oktoba 2008, akaianzisha Januari 2009, na tangu 2011 amenyamaza. Lakini programu yake ni wazi kwa kila ajuaye kuikagua, nayo imeendelea bila yeye. Kutojulikana ni kumoja, kutegemewa ni mbalimbali. Wala hii si fatwa ya kuihalalisha, kwani wanavyuoni wamekhitalifiana, na Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha watu na sarafu za namna hii Novemba 2019.

MAS-ALA YA TATU: KUMDHANIA MTU

Mwenyezi Mungu katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, ameamrisha kujiepusha na dhana nyingi, akakataza kupeleleza na kusengenyana. Mwaka 2014 gazeti moja la Marekani lilimtaja mzee mmoja wa California kuwa ndiye Satoshi. Waandishi wakauzingira mlango wake, naye akakana. Na Machi 2024 Mahakama Kuu ya London ilihukumu kuwa Craig Wright, aliyedai miaka mingi kuwa yeye ndiye, siye. Hivyo dhana humvika mtu asilolitenda, na humpa mwengine asilostahiki.

Maulamaa wa Hadithi wametangulia kuitatua mas-ala hii. Mpokezi asiyetajwa jina hapokewi khabari yake, hata aliyempokea akisema, "Amenihadithia mtu mwaminifu". Ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi kwa Ibn Hajar katika Nukhbat al-Fikar. Wala hapo hapo haitwi mwongo, kwani uwongo wake haukuthibiti. Hapokewi, wala hasingiziwi. Basi ajaye kusema, "Wenye sarafu hii nawajua, ni waaminifu, ila siwezi kuwataja," jawabu yake ni hiyo hiyo.

FAIDA YA SOMO

Muislamu na aulize kabla ya kutoa mali: "Mambo yakiharibika, nitamdai nani?" Ikikosekana jawabu, na azuie mkono wake, wala asimtukane mtu. Na aliyekwisha dhulumiwa aseme mbele ya wenye amri aliyoyaona: kiasi alichotoa, tarehe, na namba aliyoipelekea, asiseme anayoyadhani. Kutahadharisha watu kwa jambo lililothibiti ni nasiha. Kutangaza jina la mtu kwa kubahatisha ni dhuluma, na mali iliyopotea hairudi kwa kumdhulumu asiyekuwamo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu na ndimi zetu. Amin. Wallahu aalam.