SOMO LA VIKUNDI: BWAWA LA KWANZA LA SAMAKI LA CHAMA

Katika vyama vingi vya msingi vya Shinyanga na Geita, pamba na mpunga ndiyo mazao yanayojulikana. Ufugaji wa samaki ni kazi ngeni, na mara nyingi fedha za wanachama hupotea katika majuma ya mwanzo, kwa sababu samaki hutiwa kabla ya maji kuwa tayari. Lengo la somo hili ni kuwaonyesha katibu na wanachama utaratibu wa kufuata.

1. Kuchagua mahali

Udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri. Lichimbwe kwanza shimo dogo la majaribio, lijazwe maji jioni, na litazamwe asubuhi. Maji yakiwa yamenywewa yote, mahali hapo hapafai.

Bwawa la meta 20 kwa 10 latosha kwa kujifunzia. Upande mmoja uwe na kina cha nusu meta, na wa pili kiasi cha meta moja, ili maji yatoke kwa urahisi wakati wa kuvua.

Katika machimbo ya Geita na Kahama, onyo moja lizingatiwe na kila chama: shimo lililoachwa na wachimbaji lisigeuzwe bwawa la samaki, wala bwawa lisichimbwe chini ya mahali panapooshewa dhahabu au panaporundikwa marudio. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hutua katika tope, na vijidudu vya tope huigeuza kuwa sumu inayoingia katika mwili wa samaki na kujilimbikiza humo. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Hudhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, maradhi yaliyoletwa na samaki wenye zebaki yaligunduliwa mwaka 1956, baada ya watu wengi kuwala bila kujua.

2. Kutayarisha maji

Bwawa likiwa kavu, inyunyizwe chokaa ya kilimo, yapata kilo 20 kwa bwawa la ukubwa uliotajwa. Baada ya juma moja itiwe samadi iliyokauka, kisha maji yaingizwe kupitia chujio ili samaki wa porini wasipite. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kama yale ya mradi wa Ziwa Victoria yanayofika Shinyanga na Kahama, yaachwe juani siku kadhaa kwanza, maana klorini huua samaki.

Sasa chama kisubiri juma moja au mawili. Subira hii ndiyo kiini cha somo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa mbolea ya mimea midogo ya majini. Lakini bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka. Bwawa jipya halina watumishi hao wa kutosha.

Kipimo ni chepesi. Mtu azamishe mkono ukiwa umenyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi ya kijani imetosha. Kikipotea mapema zaidi, samadi isiongezwe.

3. Kutia samaki na kuwalisha

Sato humfaa mwanafunzi, kwa kuwa ni mvumilivu. Vifaranga wawili kwa kila meta ya mraba, yaani 400, wanatosha. Inafaa watafutwe madume watupu, kwani majike huzaa wakiwa wadogo, na bwawa likijaa watoto hakuna anayekua. Mfuko wa vifaranga uelee majini kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa, ili joto lilingane.

Chakula chaweza kuwa pumba za mpunga zilizochanganywa na mashudu kidogo ya pamba. Mashudu yakizidi hudhuru, kwa sababu mbegu ya pamba ina sumu yake. Chakula kinachobaki baada ya nusu saa ni ishara kwamba kimezidi. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, hewa imepungua: samadi na chakula visimamishwe, na maji mapya yaingizwe.

4. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu aandike idadi ya vifaranga, gharama, chakula cha kila siku, samaki waliokufa na waliovuliwa. Baada ya miezi sita hivi, daftari hilo ndilo litakalouambia mkutano mkuu kama kazi imelipa.

Maswali ya majadiliano

(a) Maji ya bwawa letu yatatoka wapi, na yanapita wapi kabla ya kufika?
(b) Nani atakagua bwawa kila alfajiri?
(c) Mwanachama akitaka vifaranga vitiwe siku ile ile bwawa linapojaa, ajibiweje?