Bangi, Mkataba wa 1961 na Ushahidi wa Maabara

Kutoka Oloipiri, katika wilaya ya Ngorongoro, mpaka wa Kenya hauko mbali. Si ajabu basi mwanafunzi wa huko akamwuliza mwalimu wake: kama bangi ina madhara, mbona wako watu Nairobi waliokwenda mahakamani kuitetea? Swali hili lastahili jibu la kisayansi, wala halifai kuzimwa kwa kiboko.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya uliiweka bangi katika majedwali mawili. Jedwali la kwanza ni la vitu vinavyodhibitiwa vikali ingawa vyaweza kutumika kwa tiba. Mofini imo humo. Jedwali la nne ni la vile vilivyohesabiwa kuwa na hatari kubwa na faida ndogo ya tiba, kama heroini. Yafaa ikumbukwe kwamba muundo wa kemikali inayolevya, iitwayo THC, ulielezwa na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni mwaka 1964. Hukumu ilitangulia uchunguzi.

Uchunguzi huo ulileta jambo la kupendeza kwa mwanafunzi wa kemia. Ndani ya bangi imo pia kemikali iitwayo CBD. Fomula ya CBD ni C21H30O2, na ya THC ni hiyo hiyo. Tofauti ni mpangilio wa atomu tu: katika THC atomu moja ya oksijeni imefunga pete, na katika CBD pete hiyo iko wazi. Kwa tofauti hiyo ndogo THC hulevya, na CBD hailevyi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto.

Hapo ndipo wanaharakati walipopata nguvu. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza bangi iondolewe katika jedwali la nne, na tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, pendekezo likapita kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Bangi ilibaki katika jedwali la kwanza. Waliotangaza kwamba dunia imeihalalisha walikosea.

Mwaka uliofuata Warastafari wa Kenya walifungua shauri katika Mahakama Kuu wakipinga sheria ya nchi yao ya mwaka 1994. Hoja yao kuu ilikuwa uhuru wa dini, nayo ni hoja ya haki. Darubini haiwezi kuiamua. Ni kosa kuichanganya na hoja ya tiba, na pande zote mbili hufanya kosa hilo mara nyingi.

Kwa upande wa Tanzania, sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia bangi, na kifungo chaweza kufikia cha maisha. Tena ushahidi ule ule uliofungua mlango wa tiba unaonyesha kwamba kijana avutaye mara kwa mara, ubongo wake ukiwa bado unakua, huongeza hatari ya kupatwa na maradhi ya akili.

Zoezi: Chora molekuli za THC na CBD, uonyeshe pete iliyofungwa. Kisha eleza kwa nini fomula peke yake haitoshi kutabiri kazi ya kemikali mwilini.