Keki ya Jubilei Yenu, Iokeni Wawili



Kutimiza miaka 25 ya ndoa ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini katika nyumba nyingi siku hiyo hutanguliwa na ugomvi, na mara nyingine chanzo chake ni keki.

Chukueni mfano wa mume na mke wa Voi. Mke ametamani kwa miaka mingi keki ya ghorofa tatu, kwa sababu siku ya arusi yao keki haikuwapo. Mume anafikiria karo ya watoto, naye anajibu kwa mkato, "Pesa za mchezo sina." Mke ananyamaza, kisha anakopa katika chama bila kumwambia. Keki inaletwa, wageni wanapiga makofi, picha zinapigwa. Mwezi unaofuata deni linajulikana, na wawili hawa hawasemezani tena. Nani alikosa? Wote wawili. Mume aliidharau hamu ya mwenzake bila kumwuliza inatoka wapi. Mke naye alificha.

KEKI INA KAZI GANI?

Ili ndoa ifungwe, kwa kawaida Kanisa linadai ridhaa ya wenye kuoana, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Keki haimo. Ninyi mnaoishi pamoja huku mkiahirisha ndoa kila mwaka kwa kuogopa gharama za sherehe, msizuiliwe na unga na sukari.

Hata hivyo desturi hii ina maana yake. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa kilo 136 hivi. Sisi tulipoipokea desturi hiyo kutoka kwa Wazungu, tuliipa kazi yetu wenyewe: maharusi hupiga magoti mbele ya wazazi wa pande zote mbili na kuwapa keki kwa shukrani. Mzazi hukumbuka goti lililopigwa. Ghorofa za keki husahauliwa mapema.

KEKI YA UMBO LA MOYO

Ketini kwanza na karatasi, mwandike mlicho nacho na mtakachotumia. Kisha okeni wenyewe. Hamhitaji jiko la umeme wala kifaa maalumu cha umbo la moyo. Tafuteni bati la mraba lenye upande wa sentimita 20, na sufuria ya mviringo yenye upana huo huo.

Kwa kila keki tumieni unga wa ngano gramu 250, siagi au majarini gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5, na bekingi pauda vijiko vidogo 2. Mmoja apige siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na laini; ni kazi ya mkono wenye nguvu, basi mume asikae sebuleni. Mwingine aongeze mayai, moja moja, kisha unga uliochungwa pamoja na bekingi pauda.

Chukueni sufuria kubwa, mtie mchanga mkavu unene wa vidole viwili, muifunike na kuipasha moto juu ya jiko la makaa kwa robo saa. Wekeni ndani bati lililopakwa siagi, mfunike, na mtie makaa machache juu ya kifuniko. Msifunue kabla ya dakika 40, maana keki itabonyea. Ikikaribia saa nzima, chomeni kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Keki zikipoa, ile ya mraba iwekeni ikisimama kwa pembe yake, mfano wa almasi. Ile ya mviringo ikateni katikati, na kila nusu muiegemeze kwenye upande mmoja wa juu wa ule mraba. Hapo mmepata moyo kamili.

Tazameni vizuri jambo hili. Mraba haukugeuzwa kuwa mviringo, wala mviringo haukugeuzwa kuwa mraba. Lakini mviringo ulikubali kukatwa, na mraba ulikubali kugeuzwa upande. Pia vipimo vyao vililingana. Kimoja kingekuwa kikubwa kuliko kingine, moyo usingetokea. Ndivyo ilivyo kwa mume na mke wanaoheshimiana sawasawa.

MAPAMBO NA JOTO LA VOI

Krimu ya siagi huyeyuka upesi katika joto la Voi, ingawa kule Wundanyi kwenye baridi ya milimani inaweza kustahimili. Kwa huku chini, pigeni ute wa mayai mawili mabichi na sukari laini ya keki gramu 450 na kijiko kidogo cha maji ya ndimu. Mchanganyiko huu ukikauka huwa mgumu. Lakini kwa kuwa yai ni bichi, wajawazito, wazee na watoto wadogo wasiule. Kwao tumieni sukari hiyo hiyo na maji ya ndimu tu. Kunjeni karatasi ya kuokea iwe kama pembe, mkate ncha kidogo, na hiyo ndiyo kalamu yenu ya kuandikia majina. Kama sherehe ni mbali, bebeni vipande vikiwa vimetengana, mviunge na kuvipamba huko huko.

KEKI ISIYOLIWA

Kwa mama mkwe, mnaweza kutengeneza keki ya leso. Nunueni jozi tatu, yaani leso sita. Kila moja ikunjeni kwa urefu iwe ukanda wa upana wa kiganja, kisha mviringishe. Leso tatu zifuatane kuwa ghorofa ya chini, mbili ya kati, na moja ya juu. Fungeni kila ghorofa kwa utepe, msitumie pini. Someni kwanza maneno ya leso, maana mama mkwe atayasoma, na fumbo baya haliondolewi na utepe mzuri. Kwa mama aliyejifungua, fanyeni vivyo hivyo kwa nepi za kitambaa na taulo ndogo.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, kuna jambo mwenzangu alilikosa siku ya arusi yetu, ambalo sijawahi kumwuliza?
2. Je, tuna deni lolote ambalo mmoja wetu halijui?
3. Sherehe yetu ijayo, tutafanya kazi gani kwa mikono yetu wawili?

Jibuni kabla ya kuwasha jiko.